Mali ya Yatima Haiandikwi Moyoni

Mhadhara uliotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe. Umepangwa upya kwa ajili ya jarida letu la Ramadhani.



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa babake ameshafariki, akafiwa na mamake akiwa mtoto mdogo, na ambaye hakuacha kuwausia umma wake juu ya mayatima. Ziwafikie pia ali zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Masheikh zetu, wazazi wetu, kina mama mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu. Mimi si sheikh. Ni mwanafunzi tu, nimepita madrasa na sasa niko chuo kikuu. Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya mali ya mayatima. Kwa kawaida mada hii tunaizungumza kwa kukusanya sadaka. Tunapeleka unga, sukari na nguo za Idi, na hilo ni jambo la kheri. Lakini leo sitazungumza juu ya tunachowapa mayatima. Nataka tuzungumze juu ya kile ambacho tayari ni chao.

Droo moja

Babangu alifariki mimi nikiwa na miaka tisa. Dada yangu anayenifuata alikuwa na miaka sita, na kitinda mimba wetu alikuwa na mwaka mmoja. Babangu aliacha duka la vyombo, na nyumba ya vyumba sita ya kupangisha. Ilikuwa ile tunayoiita Mombasa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya ardhi.

Baada ya hitma, ami yangu akachukua ufunguo wa duka. Hakuna aliyeuliza, maana ndivyo tunavyofanya. Na wallahi, ami yangu si mtu mbaya. Alitulea. Karo zetu alilipa, Idi hatukukosa nguo, na mdogo wetu alipougua alikesha naye hospitali. Lakini duka lilikuwa na droo moja. Humo humo ilitoka karo yetu na karo ya watoto wake. Humo humo ilitoka dawa ya nyanya, na saruji ya ukuta wake yeye. Kodi za wapangaji nazo ziliingia humo. Baada ya miaka sita duka likafungwa. Hakukuwa na mwizi, na hakukuwa na daftari.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, nikamuuliza mamangu: "Mama, haki yetu kwa baba iko wapi?" Akaniambia, "Usimuulize ami yako maneno hayo. Ametulea." Nikanyamaza. Kisha Ramadhani moja, kwenye darsa la alasiri, ustadhi akafika aya ya 6 ya Suratun Nisaa. Akatufasiria: mlezi awajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, akiona wameshaongoka katika mambo yao, awape mali yao, asiile kwa pupa akiogopa watakua, na siku ya kuwakabidhi aweke mashahidi. Aya hii nilikuwa nimeihifadhi tangu utotoni. Siku ile ndiyo nilijua kwamba inanihusu.

Nikaenda kwa ami. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi nilikuwa naandika moyoni. Na moyo wenyewe umesahau."

Haya ninayasema kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe aliniambia, "Nenda ukawaambie, wasije wakaanguka nilipoanguka mimi." Allah amlipe kheri.

Ndugu zangu, mara nyingi mali ya yatima hailiwi na majambazi. Inapotea mikononi mwa watu wema, kwa sababu hakuna aliyeandika na hakuna aliyeuliza.

Mjane aliyekwenda kushtaki

Kuuliza haki si utovu wa adabu. Tuangalie kisa walichokipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.). Saad bin Rabii (R.A.) aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ami yao akachukua mali yote. Yule mjane hakusema "nitamwachia Mungu" akakaa kimya. Aliwachukua mabinti zake mpaka kwa Mtume (S.A.W.), akaeleza kwamba ami yao amechukua kila kitu, na kwamba mabinti wasio na mali hawataolewa.

Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwambia kwamba Allah atahukumu katika jambo hilo, na ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobakia ndicho chake.

Tuzingatie hapa. Yule ami hakunyimwa haki yake. Alikuwa na fungu, lakini fungu lake lilikuwa la mwisho, baada ya mayatima kupata lao. Na mali ile ilikuwa ya shahidi wa Uhud, mbele ya Mtume mwenyewe. Ikiwa pale jambo lilihitaji kuulizwa, sisi tuna nini cha kuonea haya?

Hesabu ya nyumba kama yetu

Tuchukue mfano. Mtu amefariki. Yamelipwa mazishi, madeni na wasia uliokubalika kisheria, imebaki shilingi 960,000. Ameacha mke, mama mzazi, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mke ana thumni, 120,000. Mama ana sudusi, 160,000. Zinabaki 680,000 za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kijana 340,000, na kila binti 170,000.

Na ami? Hapa ami hana kitu, kwa sababu yupo mtoto wa kiume. Lakini lau angeacha mke na mabinti wawili tu, kama Saad, mabinti wangepata 640,000, mke 120,000, na ami 200,000. Basi ami ana mahali pake. Mahali hapo panajulikana kwa hesabu. Hapajulikani kwa nani aliyeshika ufunguo.

Nani msimamizi wa mali ya mtoto?

Hapa ndipo wengi wetu tumekosea. Tunajua kwamba ami anaweza kuwa walii wa binti katika nikahi. Kwa hiyo tunadhani ni walii wa mali pia. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, usimamizi wa mali ya mtoto mdogo una mpango wake: kwanza baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeachwa na mmoja wao, kisha Kadhi. Ami hayumo katika orodha hiyo kwa sababu tu ni ami. Ataingia akiwa ameusiwa, au akiwa amewekwa na Kadhi.

Na mama je? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba hashiki usimamizi huo mpaka awekwe. Lakini wanavyuoni hao hao wamesema kwamba baba akitaka kuacha wasii, mama wa watoto akiwa anafaa ni bora kuliko mtu mwingine. Basi enyi akina baba, andikeni. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Sisi tunapitisha miaka ishirini.

Tena amana hii si cheo cha kukimbilia. Katika hadithi ya Muslim, Mtume alimnasihi Abu Dharr (R.A.), swahaba mkweli na mcha Mungu, asishike mali ya yatima, kwa sababu alimwona ni dhaifu kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kuwa mwema na asiwe mtu wa hesabu. Kumwambia ndugu yako "kazi hii hutaiweza" si kumtukana. Huenda ukawa umemwokoa, maana kula mali ya yatima kumetajwa pamoja na ushirikina, uchawi na kuua katika yale madhambi saba yenye kuangamiza.

Mamangu alikuwa edani

Kuna jambo jingine. Mke akifiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hiyo ni amri ya Allah na ina hekima zake. Lakini tazameni kinachotokea majumbani. Mjane yuko ndani, na huko nje wanaume wanafungua kabati, wanahamisha stakabadhi, wanauza pikipiki, wanatoa pesa kwenye simu ya marehemu kwa kuwa namba ya siri inajulikana. Akitoka edani anakuta maneno yameshakwisha.

Eda haimzuii mwanamke kusema, wala kutia sahihi, wala kushika stakabadhi za mumewe. Kama kuna kikao cha mali, kifanyike nyumbani kwake, naye asikie kutoka nyuma ya pazia. Aya ya 9 ya Suratun Nisaa inatutaka tufikirie: lau sisi ndio tungeacha nyuma watoto wanyonge, tungewahofia nini? Basi tuwafanyie wa wenzetu vivyo hivyo.

Sheria ya nchi inasemaje

Wako wanaosema kwenda kortini ni kuipeleka dini kwa serikali. Si hivyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, baada ya marekebisho ya 1990, imekubali kwamba mali ya Muislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeweka Mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko.

Kisha sheria hiyo hiyo ya urithi ina mambo ambayo kila kijana hapa anafaa kuyajua:

1. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Kifungu cha 45 kinataja faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

2. Marehemu akifa bila wasia, na wako warithi walio chini ya miaka 18, mali yao inakuwa amana yenye kuendelea. Hapo korti haitoi usimamizi kwa mtu mmoja peke yake. Wawe wawili mpaka wanne, isipokuwa akiwa ni Mdhamini wa Umma wa serikali au shirika la udhamini.

3. Msimamizi anatakiwa atoe orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita tangu kupewa usimamizi.

4. Usimamizi uliopatikana kwa kuficha warithi unaweza kufutwa. Kwa hiyo angalieni sana barua ya chifu inayotaja warithi. Mtoto akiachwa nje ya barua ile, amesukumwa nje ya mali ya babake.

Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaka mlezi wa mali ya mtoto ailinde na aitolee hesabu. Tazameni yalivyokutana: Qur'ani imetaka mashahidi, nayo sheria imetaka wasimamizi wawili na orodha.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla watu wa mbali hawajarudi kwao baada ya mazishi, iandikwe orodha: nyumba, shamba, duka na bidhaa zake, pesa za benki na za simu, mafao ya kazini, madeni anayodai na anayodaiwa. Iandikwe mbele ya mjane na mashahidi wawili, na kila upande ubaki na nakala. Wenye nyumba bila ardhi, chungeni mno karatasi ya mauziano na risiti za kodi ya ardhi. Hamna hati ya kiwanja. Karatasi hizo ndizo ushahidi wenu.

Pili, chukueni cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mapema. Mtoto asiye na cheti hathibitiki kirahisi kwamba ni mrithi.

Tatu, pesa za mayatima ziwe na akaunti yake na daftari lake. Kula pamoja kumeruhusiwa. Maswahaba walipoogopa mpaka wakatenga chakula cha mayatima, ilikuja ruhusa katika Suratul Baqarah, aya ya 220, kuchanganyika nao, pamoja na onyo kwamba Allah anamjua mharibifu na mwenye kutengeneza. Lakini kuchanganya sufuria si kuchanganya hesabu.

Nne, mali isikae ikaoza. Imam Malik amepokea kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) agizo la kufanya biashara kwa mali ya mayatima isije ikamalizwa na zaka. Lakini iwe biashara ya uangalifu, si ya kubahatisha. Mlezi tajiri ajizuie. Mlezi masikini ale kwa wema, kadiri ya haja na kazi yake, naye aandike.

Tano, kila mwaka mlezi asome hesabu mbele ya familia. Kwa nini isiwe Ramadhani? Mwezi huu tunahesabu zaka zetu. Tuhesabu na amana zetu, kabla ya Idi.

Lisiloweza kusamehewa

Namalizia kwa kurudi nyumbani kwetu. Tulikaa na imamu wa msikiti wetu na wazee wawili. Imamu akatenganisha mambo. Hasara ya biashara yenyewe, ami hakuizembea, hailipi. Gharama zetu sisi zilikuwa halali. Lakini yaliyotoka kwenye droo kwenda kwenye ukuta wake na karo za watoto wake yalikuwa deni. Wakakadiria kwa risiti chache zilizopatikana na kwa kumbukumbu zake mwenyewe, naye hakubisha.

Mamangu akasema, "Nimesamehe." Nyanya akasamehe. Mimi na dada yangu anayenifuata, tulio watu wazima, tukasamehe. Ami akaanza kulia, tukadhani mambo yamekwisha.

Imamu akauliza, "Na huyu mdogo?"

Mamangu akajibu kwamba na yeye pia amesamehe. Imamu akatikisa kichwa. Mtoto hajabaleghe, msamaha wake hauna hukumu, na hakuna wa kumsamehea: si mama, si kaka. Haki yake itabaki shingoni mwa ami mpaka ilipwe.

Hapo ndipo nilipoielewa mada hii. Mtu mzima utamwangukia miguuni, atakusamehe. Mtoto wa miaka kumi na nne utamwomba nini?

Sasa ami analipa kidogo kidogo kila mwezi katika mshahara wake, na kodi za vyumba zinagawanywa kwa mafungu. Fungu la mdogo wetu lina akaunti yake. Wasimamizi ni mama na mimi, na hilo tulilipeleka kwa Kadhi likaandikwa. Daftari analiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa hati nzuri kuliko yangu. Qur'ani imesema wajaribiwe, nasi tunamjaribu. Na ami bado ni ami yetu. Jana tumefuturu kwake.

Basi wewe uliyeshika mali ya yatima, ukirudi usiku wa leo tafuta daftari. Anza na unachokumbuka. Wewe mjane, uliza. Nawe yatima mwenzangu, uliza kwa adabu, na usikubali mtu akuambie kwamba kulelewa ndiyo malipo ya haki yako. Malezi ni thawabu ya mlezi kwa Mola wake, na mali ni yako.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape nguvu walezi waaminifu, awasahilishie kulipa waliokosea, na atujaalie tuwe jirani na Mtume wetu Peponi, kama alivyowaahidi wenye kuwalea mayatima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.